Mashujaa wa Ufilipino

Ijumaa, 12 Juni 1998. Durban

Bado nina hasira na Rodel, na najua hana kosa.

Leo mabaharia wa Kifilipino walisherehekea miaka mia ya uhuru wao pale kantini ya bandarini ninapopika. Niliwatengenezea tambi, wakanikataza kuzikata, maana kwao tambi ndefu ni umri mrefu. Kisha wakaanza kubishana juu ya rais waliyemchagua juzi, mwigizaji wa sinema. Rodel, fundi wa injini mwenye mvi, alisema safari hii maskini wamepata mtu wao. Vijana wakamcheka.

Akanigeukia mimi. "Mama, serikali yetu inatuita mashujaa, kwa vile tunapeleka pesa nyumbani."

"Na shujaa anarudi lini?"



"Kazi ikipatikana kule," akasema. "Miaka mia, Mama, na bado tunasugua meli za watu."

Eish. Yale ni maneno yangu mwenyewe. Kazi ikipatikana. Sisi Watanzania hata hilo jina la ushujaa hatujapewa, lakini...

Sikutulia. Nilipotoka kazini nikapita Greyville, kwenye duka la simu la yule Mkongo, nikapiga Tanga. Akapokea Mwanaidi, binti yangu anayelelewa na mama.

"Shikamoo, mama. Unarudi lini?"

"Marahaba. Nitakuja Idi, mwanangu."

"Idi ipi?"

Nikamwambia ampe bibi simu.