Barua ya Ruzuku ya Umeme

Jumapili, baada ya misa

Agata kaniletea wali tena. Mpunga anautwanga kwenye kinu, yeye aliyekuwa na mashine ya kukoboa pale Mkula mpaka bili za umeme zikamshinda.

"Shikamoo, mwalimu. Kula upate nguvu. Barua yako ilikuwa nzuri, serikali tu haikutusikia."

Serikali haikuiona. Wenye mashine ndogo walinituma niipeleke wilayani, nao wapate ruzuku ya umeme kama kile kiwanda kikubwa cha kukoboa mpunga. Kiwanda hakikutaka washindani, na mwanangu alikuwa ameajiriwa huko. Niliogopa. Barua ipo chini ya godoro langu, na sahihi zao zote.

Nilitaka kumwambia. Nikaitikia marahaba, nikala.

Chombo cha jirani hatukirudishi kitupu. Kesho akifuata bakuli lake, atakuta barua ndani.