Chanceline Anaenda Kujitolea

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo kanisani kikapu kimepita mara mbili. Mara ya kwanza kwa Mungu. Mara ya pili kwa Chanceline!

Mudogo wangu anasomea uuguzi Bujumbura. Sasa asosiasioni moja ya Ubelgiji imemukubali akajitolee kule miezi sita, kuhudumia wazee. Chakula na kitanda watamupa. Visa na tiketi ya ndege — ajitafutie. Kwa hiyo tunatafuta wote. Mwenye kujitolea ni mumoja, wenye kutoa ni kanisa nzima.

Ningevumilia. Lakini muchungaji akamusimamisha mbele, akasema huyu binti ndiye amekuwa akimuogesha koko, bibi yake, na kumulisha tangu mama muzee aanguke, kila siku, bila kunung'unika, ndiyo maana Mungu amemufungulia mulango. Watu: Ameni! Chanceline akainamisha kichwa kama bibi arusi.

Koko anaogeshwa na mimi. Tangu miguu yake ilipokataa, ni mimi. Chanceline akikuja vakansi ya masomo anamusalimia akiwa mulangoni, anasema chumba kinanuka.

Nilimuangalia Mama. Mama aliangalia kitabu cha nyimbo.

Kikapu kilipofika kwangu nikatia kifungo cha blauzi. Mungu anisamehe. Ama asinisamehe.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemukamata Chanceline jikoni, nikamuuliza. Hakukana hata! Eti walitaka mutu mwenye kuzoea wazee, angesema nini? "Dada, hiyo kazi inafanyika kwetu. Iko ya famille, ya sisi wote."

Famille! Kumbe mikono yangu ni ya famille, lakini kiti cha ndege ni chake peke yake.

Nikamwambia aende kwa muchungaji aseme ukweli. Akacheka. "Ukiniharibia safari, Mama hatakusamehe mpaka afe." Hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Mama amekuja sokoni. Yeye, ambaye hapendi kabisa kuniona nikiuza mafuta ya mawese kando ya barabara! Akakaa juu ya kidumu, akasifu rangi ya mawese yangu. Nikajua tu.

Jumamosi ni zamu yangu ya likelemba. Sisi wanawake wa mawese tunachanga, kila wiki mumoja anabeba zote. Nimeingojea zamu hii ili nikodi nafasi ndani ya soko, chini ya paa, niache kukaangwa na jua. Mama anajua. Ndiyo maana hakuniuliza nimepanga nini.

"Tiketi imebakia kidogo tu, mwanangu. Chanceline akifika kule, atatuinua sote."

"Kujitolea hakulipwi, Mama. Na si atarudi baada ya miezi sita?"

Aliniangalia kama vile mutu anaangalia mutoto mujinga. Basi nikaelewa na hilo: hatarudi.

Nikasema hapana. Mbele ya watu. Sijawahi kumwambia Mama hapana. Alisimama, akakung'uta kitenge, akaenda bila kuaga.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nilibeba likelemba. Saa za mchana Madame wa asosiasioni akapiga kwa video kutoka Ubelgiji, anataka kuona familia. Koko tulimukalisha sebuleni na mito pande zote. Chanceline amevaa blauzi yangu nyeupe. Mimi niliambiwa nibaki jikoni. Sawa. Nikabaki.

Nikasikia Madame anasema, kwa Kifaransa cha polepole, kwamba angefurahi kumuona Chanceline akimuhudumia koko. Hata chai kidogo tu. Chanceline akainua kikombe. Koko akabana mudomo! Akageuza kichwa, akapiga kelele: "Aksanti! Aksanti iko wapi?" Jina langu, kwa sauti ya kumuita mutu aliye ng'ambo ya muto.

Nikaingia. Ningefanya nini? Nikashika kikombe, nikamunywesha, nikamupangusa kidevu. Madame akauliza: na huyu ni nani?

Chanceline hakufikiri hata kidogo. "C'est la bonne, Madame."

Boni. Mufanyakazi ya nyumba. Mimi masomo niliyaacha mapema, lakini hilo neno nalijua. Mama pia analijua, na alikuwa pale pale, amekaa karibu na Koko. Nikamungojea aseme kitu.

Akasema: "Aksanti, rudisha kikombe jikoni."

Jumapili, 10 Agosti

Boni amechukua kongé, likizo yake! Niko Gatete, kwa Kulthumu, mwenzangu wa mawese. Likelemba nimeifunga kiunoni.

Koko nilimudanganya kwamba naenda kuchukua mawese. Hakuamini. Alishika kitenge changu, nikafungua vidole vyake kimoja kimoja. Hicho tu ndicho kinaniuma. Mengine yote — raha!

Kulthumu anasema huyo si mudogo wangu, ni adui aliyenyonya titi moja na mimi. Nilicheka mpaka machozi.

Jumanne, 12 Agosti

Mesaji ya Mama: "Koko hataki kula." Basi. Hakuna salamu ya amahoro, hakuna uko salama.

Nimejibu: "Mutafute boni mwingine." Nikazima simu.

Alhamisi, 14 Agosti

Amekuja. Chanceline mwenyewe, na teksi-basi, viatu vimejaa vumbi. Kulthumu alimupa kiti uani lakini hakumupa maji — na Kulthumu anapeaga hata wapita njia maji.

Akatoa bahasha. Madame ametuma kadeau, zawadi ya boni, kwa sababu aliona vile anavyomupenda koko. "Sikutoa hata faranga moja, dada." Akanipa kwa mikono miwili! Alifikiri hiyo ndiyo heshima.

Nikaiweka chini katikati yetu. Kuku akaja kuidonoa.

"Dada, kesho ndiyo mwisho wa kulipa tiketi. Na Koko anakuita. Rudi. Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Ile ya simu."

"Ile ipi? Itaje."

Akamufukuza kuku. Nikamwambia: likelemba nitakupa. Yote. Uende, na usirudi kama ndivyo mulivyopanga na Mama. Lakini umupigie Madame sasa, hapa hapa. Umwambie mimi ni nani, na Koko anaogeshwa na nani.

"Watanikataa!"

"Basi wakukatae."

"Dada, unanichukia hivyo?"

"Leo, ndiyo."

Nikaingia ndani, nikafunga mulango. Naandika nimekaa juu ya gunia. Kwanza alilia kwa nguvu ili nisikie. Alipoona hakuna mutu anayetoka, akaacha. Sasa nasikia simu inaita. Anapiga kweli! Madame amepokea, sauti ya furaha. Chanceline anasema yuko Gatete. Anasema ni kuhusu yule mwanamuke aliyemunywesha Koko chai. Kwamba yule ni —

Amekwama. Kwa Kifaransa neno "dada" ni fupi, hata mimi nalijua.

"Alo? Alo?" Madame anauliza. "Chanceline?"

Anavuta kamasi. Anaanza tena. Yule mwanamuke ni —