Mahindi Yaliyokataa Kutu

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Sisi huku Kolandoto tu wazima, na mguu wa mama yako umepona.

Unauliza ufanyeje na kutu kwenye ngano yako. Mwaka nilioolewa, kutu iliingia kwenye mahindi yetu. Ukipita, nguo inatoka nyekundu. Baba mkwe akasema tung'oe yote, tupande mtama. Mimi nilikuwa nimeona mashina machache yana majani safi, nikamwambia mama mkwe, "Niombee kwa baba, haya yabaki." Baba aliguna, akayaacha. Mbegu zake tulizipanda msimu uliofuata, zikastahimili.

Dawa nyunyiza, lakini kwanza zunguka shamba uone mashina gani yamekataa.

Majirani walipokuja kuomba mbegu, baba mkwe aliwaambia, "Mwombeni mkwe wangu. Ni zake."

Bibi yako