Sanda Yangu Ukutani

Arbia, abaayo, dada yangu, uko? Usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Unakumbuka sanda zetu tulizonunua Makka mwaka wa tisini na sita, tukazilowesha maji ya Zamzam? Yangu nimeiona leo ukutani.

Ukutani, Arbia.

Abdiqani mwanangu amegeuza chumba cha wageni kuwa sinema. Amehangaika kutafuta pazia kubwa la projekta. La dukani dogo, shuka za mkewe zina maua. Leo akaniita mbele ya wakwe zake: "Hooyo, njoo uone! Nimepata kitambaa kwenye sanduku lako, cheupe, kipana, kizito!"

Nikaingia. Wanaume wenye kaptula wanakimbiza mpira juu ya sanda yangu.

Juu ya sanda yangu!

Sikulia. Sikukasirika. Nikakaa.

Baba mkwe wake, mzee Hirsi, akanisifia: "Kitambaa kizuri sana, mama. Ulikinunulia nini?"

Nikamwambia: "Kuzikiwa."

Chai ikabaki mikononi mwa watu. Abdiqani akaruka: "Wallahi sikujua, Hooyo! Naitoa sasa hivi!"

"Wacha mechi iishe," nikamwambia. "Mimi siondoki leo."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Sasa ninayo mapajani, ina matundu ya misumari kila pembe. Natia kidole, natoa. Natia, natoa.

Tuliahidiana wewe ndiwe utakayenivisha. Ukiyaona matundu hayo, abaayo, usicheke mbele ya watu.