Gurudumu la Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumatano, mwezi mosi Mfunguo Saba, 1330

Mikate ya mofa imetoka mizuri leo. Miwili imeungua, nimekula mwenyewe nimesimama jikoni. Bi Zena jirani yangu alikuja kununua minne akakaa mpaka adhuhuri. Tumewasema watu wote wa mtaa wetu wa Langoni, tukawamaliza, tukaanza tena.

Barua ya Somoe imekuja. Somoe mwanangu, sina mwingine, ameolewa Witu na Athmani mwenye punda wa mizigo. Mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Miguu imemvimba hawezi kutembea, na mkunga wa huko amemkataza kupanda punda. Na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, ndivyo tulivyo. Mimi nilizaliwa chumba cha ndani cha nyumba hii. Somoe vile vile.

Sasa Athmani anasema amepata gari lenye nyumba yuu yake. Lilikuwa la mzungu wa shamba la mpira, amerudi kwao. Atamleta mke wake nalo mpaka Mkunumbi, kisha mashua mpaka hapa kwetu Amu.

Furaha ikanipanda kichwani, nikamwambia Bi Zena. Nikamweleza gari kama nimelala ndani yake, vitanda, madirisha, mapazia ya hariri. Sijaliona hata gurudumu. Yeye akasema mvua zi karibu, na zikinyesha ndia ya Witu hapiti kuku, Somoe atazaa kwa watu. Nimechukia. Nimetoka hapo nimeingia nyumba saba kutangaza mwanangu anakuja kwa gari la nyumba.

Basi sasa lazima aje.


Ijumaa, mwezi 3

Nimemwambia Bwana Shee mume wangu twende tukamchukue wenyewe. Amefunga mfuko wake wa kazi. Ni kalafati, kazi yake kuziba nyufa za mashua, na ule mfuko hauachi hata akienda harusini. Tunaondoka kesho.


Jumapili, mwezi 5

Witu. Jana sikuandika, nilikuwa sina mgongo. Mashua kabla ya alfajiri, kisha punda wa kukodi kutoka Mkunumbi, mchana kutwa.

Somoe mnene, mwekundu, anacheka. Nimelia kidogo. Kisha nimemgombeza kwa kusimama mlangoni na miguu ile.

Gari nimeliona. Nyumba ya mbao, ndogo kama choo cha mwinyi, ina mlango, dirisha moya kila upande, kitanda cha kufungia ukutani na rafu ya vikombe. Mapazia ya marekani, pamba rahisi si hariri, lakini Bi Zena hatajua. Magurudumu manne, na kila moya limevishwa mpira uliojaa upepo ndani. Mzungu alikuwa na ugonjwa wa mgongo, hakutaka kutikiswa. Punda wawili wanalivuta.

Ila gurudumu la nyuma upande wa kushoto limelegea. Ukibonyeza kidole kinaingia. Upepo unatoka polepole, mahali hapaonekani. Bomba la kupulizia halipo, mzungu kaondoka nalo, akalitie upepo gani huko kwao sijui.

Mimi nikasema, nyufa si kazi ya Bwana Shee? Mashua nzima haingii maji, itakuwa kigurudumu? Athmani alisita. Bwana Shee naye alisita. Nikawasukuma wote wawili. Basi amekaa tini ya gari akapapasa mpaka akahisi upepo, akagandamiza pamba, akapaka sifa, mafuta yale ya papa tunayopaka mashua. Akapaka gurudumu zima, maana mashua haipakwi nusu. Limeng'aa. Limenuka. Nimewaambia majirani wote wa Somoe mume wangu ni fundi wa namna gani.


Jumatatu, mwezi 6

Balaa.

Mpira si mbao. Mafuta yameingia ndani. Ulipopakwa pamevimba kama mkate uliotiwa kwenye mchuzi, ukikwaruza kwa ukucha unatoka. Pamba imeanguka yenyewe. Athmani alisimama akatazama, akasema, "Hapana neno, baba," kisha akaenda kwa punda wake akakaa huko mpaka alasiri.

Bwana Shee hajala. Miaka thelathini watu wanamwita kutoka Shela na Pate, hajaharibu chombo cha mtu. Na aliyemsukuma ni mimi. Ulimi wangu. Nimemwambia hivyo. Akasema anajua.

Bomba jipya ni mpaka Mombasa, mwezi mzima kwenda na kurudi. Wingu limesimama upande wa bara tangu asubuhi. Somoe anasema atazaa hapa hapa, kuna mkunga. Anasema huku anatazama ukuta.

Naogopa.


Jumanne, mwezi 7

Leo kuna nafuu, ngoja niandike yote.

Athmani alilivuta gari tupu nyuma ya nyumba kulijaribu. Mimi nikafuata nyuma kwa miguu, sina kazi nyingine. Pale kwenye mchanga mwingi nikaona kitu. Magurudumu matatu magumu yanakata mchanga, yanazama, punda wanahema. Lile bovu halizami. Linatanuka kama wayo wa yule ngamia wa kinu cha simsim pale Amu, linapita yuu. Nikapiga kelele waje watazame. Wakaja, wakatazama, Athmani akainama mara tatu akapima mikato kwa vidole.

Lakini tulipotoka kwenye udongo mgumu gari likaanza kuyumba kama mlevi. Mpira unajikunja, unasuguana, nimeugusa nikatoa mkono. Moto kama kigae cha mofa. Ukiendelea hivyo utachanika, au utachomoka, na nyumba ya mbao itapinduka na aliyemo.

Basi tumekaa baraza moya watu wote wanne. Kutoka hapa mpaka Mkunumbi sehemu kubwa ni mchanga. Huko halina shida. Kwenye udongo mgumu twende hatua ya punda mzee, hakuna mjeledi. Mizigo yote ishuke ibebwe na punda wengine, rafu na vikombe vibaki, na kitanda cha Somoe kihamie mbele upande wa kulia, uzito ukae mbali na ugonjwa. Tuondoke baada ya sala ya alfajiri, yua likipanda tusimame kivulini gurudumu lipoe. Kila mara mtu aliguse. Likiunguza, simama.

Bwana Shee alifungua mfuko wake. Kisha akatoa kamba ya makumbi ya nazi akaanza kuuzungusha mpira pamoja na chuma cha gurudumu, mzungo kwa mzungo, anakaza kwa meno. Amefanya mpaka magharibi. Amekula wali sahani mbili.


Jumatano, mwezi 8

Tumeondoka. Naandika kivulini, mwendo wa nusu ya ndia, gurudumu linapoa na sisi tunapoa.

Asubuhi Bwana Shee alinivuta pembeni. Nilidhani anataka tusome dua. Akaniambia, "Bi Esha, leo nakuomba ulimi. Mpaka Mkunumbi." Nikamuuliza una maana gani. Akasema gurudumu litasema kabla halijaharibika, ndivyo mbao za mashua zinavyosema, lakini mimi nikisema hatasikia mtu. Na masikio yangu ndiyo mazuri, yake yameharibiwa na nyundo. Nitembee karibu nalo, nisikilize, nisiseme.

Mimi. Nisiseme. Athmani aligeuka akajifanya anafunga punda, mabega yanamtikisika. Somoe alicheka waziwazi dirishani, akasema, "Mama, tutafika Amu na wewe umekufa."

Nimekubali. Nimetembea tangu alfajiri sijasema. Tumekutana na watu wa Mkunumbi wanatoka harusini, harusi ya nani sijui, mahari kiasi gani sijui, nimewapungia mkono tu. Inauma.

Lakini nimejifunza sauti yake. Kwenye mchanga linasema fwaa, fwaa, kama mtu anayekokota kanga. Kwenye udongo linasema fwa, fwa, fwa. Nimeligusa mara nyingi kuliko nilivyomgusa mume wangu mwaka huu. Mara mbili limeunguza, nikainua mkono, tukasimama.

Somoe analala. Uso wake mtulivu. Tutalala hapa kwa watu anaowajua Athmani. Kesho udongo mgumu, na korongo.


Alhamisi, mwezi 9

Mkunumbi. Alhamdulillahi.

Korongo lipo karibu na mwisho wa ndia. Ndia inashuka kwa ubavu, kulia ukuta wa udongo, kushoto shimo. Upande wa gurudumu letu. Athmani amewashika punda midomo, Bwana Shee nyuma na gogo la kuzuia, mimi na sikio langu. Mawingu yameshuka mpaka kichwani. Kila mtu anataka haraka, punda pia.

Fwa, fwa, fwa. Kisha fwa-ta. Fwa-ta.

Kidogo sana. Athmani hakusikia. Bwana Shee hakusikia. Mbele ndiko kunakoanza kuteremka. Nikafikiri labda kijiti. Nikafikiri nikisimamisha bure watanicheka, na mvua hii itatukuta hapa. Fwa-ta.

"Simama!"

Neno moya, tangu jana. Punda wenyewe waliganda. Bwana Shee akatia gogo, akapiga magoti. Kamba ilikatika upande wa ndani, tusikokuona, na mpira ulikwisha toka nusu yake kwenye chuma. Mizunguko miwili mitatu zaidi ungechomoka wote, na gari liko kwenye mteremko, na Somoe amelala ndani.

Athmani alikwenda akamteremsha mke wake kwa mikono yake. Bwana Shee akaurudisha mpira kwa kipini cha nyundo, akafunga kamba mpya, safari hii akapitisha kati ya njiti za gurudumu. Somoe akashuka korongo kwa miguu amenishika shingo. Hatua arubaini, nimezihesabu. Kila hatua nasema moyoni, moya tu, moya tu. Gari likashuka tupu, likiyumba, likafika. Akapanda tena.

Tone la kwanza la mvua limeniangukia puani tukiona minazi ya Mkunumbi.

Bwana Shee ameketi sasa hivi karibu na gurudumu lake, anaifungua ile kamba polepole. Ameniambia, "Sema sasa, mke wangu." Na mimi nimeketi namshikia ncha ya kamba. Mambo hayo.


Ijumaa, mwezi 10

Amu. Mashua imetufikisha asubuhi, mvua yuu yetu ndia nzima, tumejifunika tanga. Somoe yuko chumba cha ndani. Nimelala saa nne mfululizo mchana, sijapata kufanya hivyo.

Bi Zena amekuja na uji. Amemshika Somoe miguu akaikanda mwenyewe, hakusema kitu kibaya. Nimemsamehe nusu.


Jumatatu, mwezi 20

Msichana. Asubuhi, mofa ikiwa bado na moto. Somoe mzima, amelala. Bwana Shee amemwadhinia mtoto sikioni.

Mvua inanyesha tangu jana. Ndia ya Witu imefungwa sasa, wanasema wenye mashua. Gari limebaki Mkunumbi tini ya banda, wamelipandisha yuu ya mawe gurudumu lisiguse. Athmani ameagiza bomba.

Bi Zena alikuja kutaka hadithi yote, korongo, gurudumu, mapazia. Amekaa mkekani tayari. Nikamwambia ngoja kwanza, kesho. Akanitazama kama ninaumwa.

Mtoto yuko pajani pangu. Anapumua kidogo kidogo, puani, sauti yake ndogo sana. Ukisema huisikii.

Nimenyamaza.