Titi la Kushoto, Lile Lako

Parokia ya Lituhi,
Mbinga.
27 Julai, 1997.

Mpendwa mwanangu Siwema,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika, marahaba mwanangu. Mzima wewe huko Iringa? Mumeo Cuthbert hajambo? Na Loveth ameota meno mangapi sasa, anakuuma akinyonya? Baridi ya huko naijua, mfunike miguu. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa hili nitakalokueleza. Kaa kwanza.

Usipa umepatikana mwaka huu, dagaa tele ziwani, hatuna mahali pa kuanika. Kahawa nayo imeanza kuiva huko milimani, na magari ya wanunuzi binafsi yanapanda na kushuka kila siku. Hatusubiri tena gari moja la ushirika kama zamani.

Mwanangu, tangu Pasaka nina kivimbe kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage. Hakiumi. Nilikificha hata kwa baba yako mkubwa Ladislaus.

Nakuandikia wewe kabla ya wengine kwa sababu titi hilo ni lako. Mama yako, mdogo wangu Ephrasia, alipotutoka wewe ulikuwa na wiki tatu, na Placidi wangu miezi mitano. Niliwanyonyesha wote wawili, Placidi kulia, wewe kushoto. Ukipewa la Placidi ulikuwa unalitema na kugeuza uso kama mtu aliyekosewa heshima. Basi una haki ya kujua habari zake.

Nilipoaga kwenda hospitali ikabidi niseme. Wifi yangu Ottilia akadakia, "Si nilikukataza enzi zile? Titi la mtu mmoja halilishi ukoo mzima!" Ladislaus alikuwa anashona wavu wake pale nje, akajibu bila kuinua kichwa, "Dada, wewe hukunyonyesha mtoto wa mtu, mbona mgongo umekupinda?" Tulicheka, hata Ottilia mwenyewe. Maneno hayo yakikufikia usiyashike. Nilimwuliza Sista Bonifasia, ndiye daktari wa hospitali ya misheni kule milimani, akasema kunyonyesha hakuleti ugonjwa huo hata kidogo. Loveth mnyonyeshe bila hofu.

Alhamisi nikapanda gari la kahawa mpaka huko misheni. Wana mashine, imeletwa mwaka jana. Unapakwa kitu cha baridi kama uji uliolala, wanapitisha kidude, na ndani yako panaonekana kwenye kioo kama cha televisheni. Nikabana pumzi kwa woga. Sista akasema, "Mama Placidi, pumua, hapa hujazama ziwani."

Nikatazama. Siwema, sijui nisemeje. Vilima na mabonde ya kijivu, kama mashamba ya ngolo ya Maguu ukiyaona kutoka ng'ambo ya bonde, kila kishimo na tuta lake. Katikati vijia vyembamba, vyote vinaelekea kwenye chuchu. Nikauliza ni nini. "Njia za maziwa, mama. Zimelala tu." Miaka ishirini na minne! Nilijiona kama nimepiga magoti mbele ya altare. Mungu alichimba mifereji hiyo gizani, hakuna aliyemwona, na mpaka leo hajaifukia.

Kisha akanionyesha doa jeusi. Nikamwuliza, "Ni baya?" Akasema, "Mashine inaniambia lipo. Jina lake haijaniambia." Akavuta kidogo kwa sindano, wakapeleka hospitali kubwa. Nirudi tarehe 28 Agosti.

Sasa nangoja. Nikianika usipa mkono unakwenda wenyewe kukigusa, nautoa, unarudi. Zipo siku nasema sirudi, heri nisijue. Halafu navikumbuka vile vijia, naona aibu. Kazi nzuri namna ile, nimkimbie aliyeifanya?

Nitakwenda. Ottilia amejitolea kunisindikiza, nimemshukuru, nimemwambia nina mtu wangu. Omba ruhusa kazini, mwanangu, uje na mtoto, tukutane stendi ya Mbinga tarehe 27. Majibu nitayasikia mwenyewe, mazuri au mabaya. Ila Sista akiiwasha tena ile mashine, nataka uwe pale uone kwa macho yako ulipokulia.

Baba yako mkubwa na Placidi wanawasalimu. Ottilia naye, na mgongo wake. Mpe Cuthbert salamu nyingi. Bikira Maria awafunike kwa joho lake, Mungu awaongoze njiani.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye sana,

Getrude