Jicho Nililokuwa Nikilifumba

Silanga, Kibera
Machi 14, 1996

Mpendwa dada Jentrix,

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani, na hii ni barua ya tatu tu. Nisamehe. Natumaini u mzima, wewe na shemeji Phanuel na watoto, na kwamba baba bado anakula vizuri. Mimi mwili ni mzima, umechoka tu. Habari niliyo nayo ni ya macho.

Unajua kazi yangu ya mawe. Ukishavuta kamba, unainama mwisho wa ukuta, unafumba jicho moja na kuchungulia kama umenyooka. Mimi tangu nijifunze kazi hufumba la kushoto. Wiki iliyopita, kwenye mjengo huku Kawangware, simiti iliruka ikaniingia jicho la kulia. Nikalifumba, nikafungua la kushoto. Giza. Nikamwuliza mnyapara wetu, Opondo, kumetokea nini. Akasema, "Fundi, ni saa nne asubuhi. Umekunywa ya nani?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, halafu nikaketi juu ya mawe.

Hospitalini daktari alisema jicho hilo limekufa zamani, nami sikujua kwa sababu kutwa nalifumba. Ugonjwa unaitwa glakoma, presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanasukuma, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole. Hauumi. Mara nyingi huanza kula pembeni, katikati hubaki mwisho. Kilichokufa hakirudi. La kulia nalo limeanza, ila dawa ya matone inaweza kulishikilia.

Akauliza kwetu nani ni kipofu. Nikasema baba, lakini yeye alirogwa na mke wake mdogo. Hakubishana nami. Aliandika "baba" kwenye kadi, akauliza kama nina ndugu aliyepita miaka arobaini.

Ni wewe, dada. Nenda ukapimwe.

Ndugu yako mdogo,
Wekulo


Misikhu
Aprili 9, 1996

Ndugu yangu Wekulo,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mvua imeanza na tumepanda mahindi shamba la juu. Baba anakusalimu. Habari ya jicho sijamwambia, nilimsomea salamu peke yake. Nililia, lakini Mungu amekuachia moja.

Mimi sina shida ya macho. Natia uzi kwenye sindano bila kuomba mtu, na jioni nasoma Biblia kwa koroboi. Langu ni uzee wa miguu. Siku hizi nagonga kila kitu. Juzi nilimkanyaga ndama aliyelala kando ya njia, mchana kweupe, na Phanuel sasa ananiita trekta.

Na usituletee maneno kwamba ugonjwa wa baba ni wa damu. Wewe mwenyewe ulimwona mama mdogo Nasambu akimkamulia majani machoni kila asubuhi, na baba akawa kipofu. Kama hakumroga, basi sisi tuliomfukuza ni watu gani? Acha hayo yalale.

Dada yako,
Jentrix


Silanga, Kibera
Mei 21, 1996

Dada yangu,

Hamjambo huko? Mahindi yamefika wapi? Niliposoma kwamba unagonga vitu, niliweka barua chini. Mimi pia nilianza hivyo, nikasema ni uchovu. Sindano haikuambii kitu, dada. Uzi unautia kwa katikati ya jicho, na huyu mwizi anaanzia pembeni.

Nimefanya ujinga. Nilitia dawa majuma mawili, nikaona hakuna kinachouma, nikaifunga kwenye kitambaa niiweke kwa siku ya maumivu. Nilirudi kupimwa, presha imepanda. Nesi aliniuliza, "Unangoja ikuume? Ukiingoja hii, utakuwa unapapasa kuta." Sasa natia asubuhi na jioni, niwe nimekula au sijala.

Fanya hivi. Keti mbele ya Phanuel, magoti yakaribiane. Funika jicho lako moja, naye afunike lake linaloelekeana na hilo. Mwangalie jicho lake lililo wazi, usilitoe hapo. Anyooshe mkono pembeni, katikati yenu, aulete ndani polepole akichezesha kidole. Kisha mbadilishe jicho. Akikiona kabla yako, usingoje, nenda hospitali. Na hata mkikiona pamoja, nenda, maana hicho ni kipimo cha nyumbani tu.

Kuna jambo lingine. Mama mdogo Nasambu yuko hapa Kawangware, anauza mboga za sukuma karibu na mjengo wetu. Nilimpita siku nyingi upande wangu wa kushoto bila kumwona. Yeye ndiye aliyeita: "Wekulo, hata salamu unaninyima?" Nikamwuliza juu ya yale majani. Akasema, "Baba yenu alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe miezi mingi kabla ya majani. Alinikataza kuwaambia. Nikajaribu nilichokijua." Nilimwuliza daktari. Alisema majani yasitiwe machoni kamwe, yanaweza kuchoma jicho, lakini glakoma kama yangu haitoki kwenye majani.

Dada, mimi ndiye niliyeng'oa mlango wa nyumba yake siku ile, ili asipate pa kulala. Nilikuwa na nyundo, nikaona nafanya kazi ya mwanamume.

Nijibu.

Ndugu yako,
Wekulo


Misikhu
Agosti 30, 1996

Ndugu yangu,

Pole kwa kukaa miezi mitatu bila neno langu. Afya tunayo. Nilikukasirikia, na nilikuwa na hofu.

Tulikaa na Phanuel kama ulivyosema. Jicho la kushoto tulienda karibu sawa. Tulipofika la kulia, akaniuliza, "Unakiona?" Nikasema, "Kipi?" Akasema yeye anakiona kitambo. Kidole kilikuwa kinacheza katikati yetu, kimeshapita usawa wa bega langu kuingia ndani.

Hospitali wamethibitisha. La kulia limeliwa upande mzima, la kushoto limeguswa. Nikitia dawa kila siku na kurudi kupimwa, naweza kuzeeka nikiona. Phanuel ameacha kuniita trekta. Nimemwambia aendelee, kimya chake ndicho kinachonitisha.

Kisha nikamwambia baba yote. Aliweka mikono juu ya mkongojo. Akasema, "Yale majani nilimwomba mimi. Nilijua hakuniroga. Watu waliposema, nikanyamaza. Niliona afadhali kurogwa kuliko kuharibika mwenyewe." Sikuwahi kumsikia baba akilia kabla ya siku hiyo, Wekulo.

Anauliza kama Nasambu anaweza kuja, asikie sauti yake.

Dada yako,
Jentrix


Silanga, Kibera
Septemba 29, 1996

Dada mpendwa,

Nafurahi u mzima na kwamba unatia dawa. Jicho langu la kulia limesimama pale pale, daktari ameridhika. Opondo amenishusha, sipandi juu tena. Nachonga mawe chini.

Nilimpelekea mama mdogo maneno ya baba. Aliendelea kufunga mafungu ya sukuma mpaka yakaisha. Nikamwomba msamaha juu ya ule mlango. Akasema, "Miaka saba wamenitazama kama mchawi, na yeye alijua." Nikadhani ndilo jibu. Nilipogeuka akaniita. "Nitakwenda. Nina yangu ya kumwambia. Lakini silali nyumba isiyo na mlango."

Najua ile nyumba yake mnaweka kuni. Zitoe. Pima fremu, urefu na upana, unitumie kwa barua, nije na mbao zilizokatwa. Phanuel asipime kwa hatua zake, atumie futi. Na ulivyojipima wewe, watoto wako na wangu wajue. Wakikua, wapimwe kabla hawajagonga kitu.

Tutafika Ijumaa, Desemba 20, jioni. Tukishuka barabarani, mama mdogo atatembea kushoto kwangu. Ameshaniambia atanishika mkono upande huo.

Ndugu yako,
Wekulo